Basi Likisimama, Domina Anabana

"Si uende tu, jamani! Umesimama kama kuku aliyefungwa miguu."

"Nimesimama vizuri. Wewe uza karanga zako," Domina alijibu, mapaja ameyakaza.

"Nitauzaje na wewe unanichezea ngoma pembeni? Nenda chooni, Mama Brightness. Juzi tu ulilazwa hospitali Kilosa kwa UTI."

"Nikienda, basi la Iringa litaingia uwachukue wateja wangu."

"Nitawachukua, ndiyo!" Tumwagile, jirani yake wa biashara, akacheka.

Domina akazidi kubana. Huyu ndiye Domina mwenye stashahada ya maendeleo ya jamii, anayewakemea kina mama wa kikundi kila wanapokutana: kunyweni maji, msibane mkojo, jifuteni kutoka mbele kwenda nyuma, mkitoka kwenye mambo ya chumbani nendeni mkakojoe, na msinione sina haya. Wanampigia makofi. Kisha mwalimu wao huja hapa barabarani Mikumi bila kugusa maji tangu alfajiri, asije akaliacha beseni lake la mahindi ya kuchemsha. Kiu ikimzidi hunywa soda, nayo soda humjaza kibofu vilevile. Hiyo ndiyo faida ya kusoma.

Honi ikalia. Basi likaingia na vumbi lake.

"Kuchimba dawa! Dakika chache tu!" konda alipaza sauti.

Abiria wakamwagika. Wengi walilipita beseni bila kulitazama, wakikimbilia vyooni, wengine wameshaanza kufungua mikanda. Domina akabaki ameinua hindi juu. Basi zima lilikuwa limesimama kwa ajili ya vibofu. Miaka yote anakula kwa vibofu vya watu, cha kwake amekitia kifungoni.

Hapo maumivu yakamchoma chini ya kitovu, yaleyale yaliyompeleka Kilosa. Daktari alimwambia waziwazi: ukiendelea hivi, tutakuja kuzungumza habari za figo.

"Tumwagile, shika!"

"Beseni lote?"

"Lote. Uza yangu, uza na zako, tajirika!"

Akakaza kanga, akakimbia kwa hatua fupifupi kama bata. Kwenye foleni, mbele kabisa, alisimama mzee mwenye suti, mkono tayari kwenye kitasa.

"Shikamoo baba, naomba unisamehe," Domina alisema, akapenya chini ya mkono wake, akaingia.

"Marahaba, mwana..."

Mlango ulikuwa umeshafungwa kwa ndani.