Tunywe au Tusinywe

Kikombe cha bati kiligonga meno gizani, kikagonga tena. Watiri akajiinua kitandani. Mdogo wake, Murugi, alikuwa amesimama kando ya ndoo, anakunywa maji.

"Huna usingizi?"

"Kiu tu, dada. Lala."

Hakulala. Kulipopambazuka alikiokota kiondo ambacho Murugi alikuwa akikisuka, akakipapasa. Huku chini nyuzi zilikaa vizuri, laini. Lakini tangu wazee wa Kerugoya walipoleta posa, mizunguko ilibanwa mno, hata kiondo kikaingia ndani kama kiuno cha nyigu. Mkono wa Murugi haukuwahi kusuka hivyo.

Walipokuwa wakimenya viazi alimuuliza waziwazi kama anamtaka huyo Mutahi aliyemposa, mtu aliyefiwa na mke, mwenye watoto wa rika la Murugi. Murugi akacheka. Akasema Mutahi ana duka na ana adabu. Tena baba mkubwa Kahiga, aliyewalea tangu baba yao alipofia kizuizini wakati wa hali ya hatari, hastahili kuaibishwa mbele ya wageni. Akiyasema hayo kisu hakikutulia. Kiazi kikubwa kikaisha, kikabaki kama yai la njiwa.

"Sawa," Watiri alisema. "Leo sitakusikiliza. Nitakutazama."

Mchana wageni wakajaa uani kwa Kahiga, pale Gatitu, na pombe ya muratina waliyoileta ikamiminwa kwenye pembe ya kunywea. Desturi ni moja: haionjwi mpaka binti aulizwe, na akisema inywewe, amekubali kuolewa. Murugi akatoka ndani ya nyumba na Gathoni, binti mdogo wa Watiri, aliyekataa kumwachia mkono. Kahiga akampa Murugi pembe.

"Mwanangu, pombe hii tunywe au tusinywe?"

"Kunyweni, baba."

Sauti ilikuwa tamu, haina kovu. Wazee wakaguna kwa raha. Watiri yeye aliyaona mabega yaliyopanda hadi masikioni, na vidole vya miguu vilivyong'ang'ania udongo kama vya mtu anayeteremka mlima wenye utelezi.

Akasimama. Katika kikao kama kile mwanamke hasemi asipoulizwa.

"Baba mkubwa, muulize tena."

"Ati nini?" mzee mmoja wa Kerugoya alidakia. "Kwani leo anaolewa nani, huyu ama wewe mama wa watoto?"

Kicheko kikazunguka ua mzima. Watiri hakuketi.

"Kama nimekosa, nitozeni mbuzi, nitamleta. Lakini aulizwe tena."

Kahiga alimkazia macho. Kisha akamgeukia Murugi, akamuuliza upya, kwa upole kuliko mwanzo.

"Nimesema kunyweni," Murugi alijibu. Akatabasamu, akaanza kuinua pembe ili aonje.

Hapo Gathoni, mkono wake ungali ndani ya ule wa Murugi, akainua uso wake.

"Mama mdogo, unaniumiza mkono."