Joto Chini ya Pedali

"Injini inapiga kelele mpaka abiria siwasikii," alisema Mzee Massoud, bado yuko kwenye usukani wa teksi yake. "Wananisalimu, mimi nawajibu bei."

Godlisten, fundi wa magari pale Nguvumali, alikuwa ameinama mlangoni akipapasa chini ya pedali. Akaurudisha mkono upesi. Bati lilikuwa la moto kama kikaango, na juu ya bati hilohilo wayo wa mzee umetulia tuli.

Peku, ndiyo. Teksi ile ilitandikwa mkeka wa ukindu kutoka kwao Pemba, ukaishia kabla ya pedali usije ukazinasa, na hakuna aliyeingia na viatu, awe bibi harusi, awe diwani. Gari ni nyumba, mzee alisema. Watu walishachoka kumcheka.

"Samahani mzee, huungui?"

"Naungua nini?"

Godlisten alishikwa na hofu. Mama yake kule Lushoto alianza hivihivi: kisukari, mguu usiosikia, kidonda, halafu msumeno wa daktari.

"Naomba niuone wayo."

Mzee akakunja uso. Kumwinulia mtu wayo ni kumvunjia heshima, hata mkewe Thuwaiba, mzee hakuwahi kumwinulia. "Mimi si punda wa kukaguliwa kwato, mwanangu."

"Basi nikasirikie. Lakini uinue."

Akauinua. Lengelenge lilikuwa limeenea kisigino kizima. Mzee alilitazama kama la mtu mwingine.

Godlisten akampeleka hospitali kwa bajaji, kisha akarudi kwenye gari. Lile godoro la kuzuia joto na kelele, linalofunika ukuta wa bati upande wa injini, lilikuwa limeraruka, linaning'inia limelowa oili. Bomba la moshi lilikuwa likilichoma bati waziwazi. Akakata jingine zima kutoka gari bovu, akalibana kila kona, akawasha injini na kuacha mkono chini ya pedali mpaka akaridhika.

Wiki kadhaa baadaye, mwezi wa mfungo ulipokwisha, mzee alikuja gereji amevaa viatu vya kufunika. Akaketi kwenye tairi, akavua kimoja, na mbele ya wateja wote akamwinulia Godlisten wayo.

"Daktari anasema ningechelewa kidogo tu wangeukata. Nakushukuru sana, mwanangu. Mimi sisikii kitu, hebu nishikie wewe. Una moto?"

Godlisten alifuta oili mikononi, akaupokea kwa mikono miwili. Ngozi mpya ilikuwa laini.

"Una joto la mtu tu, mzee."

Mzee hakuuondoa, naye Godlisten hakuuachia.