Gitaa la Fundi Cherehani

Shitanda aliniambia mbele ya watu kwamba mwanamke hawezi kupiga katika bendi yake. Ilikuwa mwaka wa pili wa Uhuru, bendera mpya ikipepea mjini Kakamega, na yeye bado alisema maneno ya babu yake.

"Wanawake hawagusangi isukuti, Navalayo. Unajua."

"Isukuti ni ngoma. Mimi nimekuomba kiti cha gitaa. Mila gani inataja gitaa?"

Watu wakacheka. Shitanda akajikuna kidevu, akitafuta pa kutokea.

"Sawa. Njoo Jumamosi, ukumbi wa Amalemba. Ukisikika juu ya ngoma zangu tatu, kiti ni chako. Usiposikika, rudi kwa cherehani yako na usinisumbue tena."

Kiti hicho nilikitaka kuliko bwana yeyote aliyewahi kuniletea posa. Gitaa kavu lingemezwa na isukuti, basi nikaamua kutengeneza la umeme. Mbao nilizichonga mwenyewe. Kaka yangu Cornelius alinipa redio mbovu, na ndani yake nikapata sumaku, swichi ya kuongezea sauti, na waya wa shaba mwembamba kama unywele. Waya huo ndio unaonasa mlio wa nyuzi, ila lazima uzungushwe juu ya sumaku maelfu ya mara. Mafundi wa redio huuzungusha kwa mkono, wiki nzima, wakilalamika. Mimi niliuweka kwenye kile kigurudumu cha cherehani kinachojaza bobini uzi, nikakanyaga. Nilimaliza kabla chai haijapoa.

Jumamosi nikachomeka gitaa kwenye gramafoni kubwa ya umeme ya ukumbini. Nikapiga. Kimya. Shitanda akatabasamu, akainua mkono ili ngoma zianze.

"Ngoja!" nikasema.

Niliogopa, sikatai. Lakini vazi likifumuka fundi halii, anatafuta mshono ulioachia. Nikakumbuka kwamba waya ulikuwa umekatika nilipokaribia kumaliza, nami nikafanya kama mshonaji yeyote: nikapiga fundo, nikaendelea. Lakini waya huo umepakwa rangi isiyopitisha umeme! Ncha nyingine zote nilizikwangua kabla ya kulehemu, ila fundo nililisahau, kwa sababu kwa uzi fundo linatosha.

Nikafumua mizunguko ya juu. Nikakata fundo, nikakwangua ncha mbili kwa wembe, nikazisokota. Cornelius, aliyenisindikiza, akapasha msumari kwenye jiko la muuza chai pale mlangoni, nikalehemu, nikafunika.

"Haya, Shitanda. Piga ngoma zako."

Wakapiga, na hawakunihurumia hata kidogo. Nikafungua sauti hadi mwisho. Vioo vya dirisha vikatetemeka. Kina mama waliokuwa wakipita na kuni wakaingia na mizigo yao kichwani, mabega yakaanza kucheza. Furaha ilinijaa hadi nikacheka peke yangu. Shitanda aliipiga ile ngoma kubwa kwa nguvu zake zote, jasho likimtiririka, hata mwishowe akaniinamia sikioni.

"Dada, punguza kidogo," akasema. "Ngoma zangu hazisikiki."

Sikupunguza. Nilivuta kiti kwa mguu, nikakaa.