Mbegu ya Mgeni Hupandwa Zizini

Kijijini kwetu Busi mgeni hapewi kiti kibovu, na mbegu ya mgeni haipewi ardhi mbovu. Dakta Ludovick, mtafiti wa mbegu, alipokuja na pakiti kumi na mbili za mtama mpya wa majaribio, kaya tisa ziliupanda kwenye mazizi ya zamani. Pale hata ukichomeka mpini wa jembe utatoa suke. Kaya tatu zisizo na ng'ombe ziliupanda kwenye mchanga wao. Ukafa.

Mimi ndiye niliyezunguka na tableti kupima, kwa kuwa nina kidato cha nne na mdomo.

"Dakta," nikamwambia, "hapa tunapima samadi, si mbegu."

Akacheka. "Faridi, wewe ungefaa vichekesho."

"Na zile tatu zilizokufa?"

"Hao walikosea. Tunawatoa."

Akawatoa. Zikabaki tisa, na zote tisa zimezaa. Makala ikatoka kwenye jarida la nje, jina langu kwenye shukrani. Nani Busi sikumwonyesha? Msimu uliofuata bwana shamba akashusha magunia ya mbegu hiyo: utafiti umethibitisha.

Shangazi Stumai, aliyenilea, hana hata mbuzi. Hakumuuliza bwana shamba, aliniuliza mimi.

"Wewe ulikuwemo. Niache uwele wangu, nipande huu ekari zote mbili?"

Nilikuwa nangojea mkataba wa pili wa Dakta. Nikaleta utani. "Shangazi, utavuna mpaka uposwe tena."

"Mshenzi wewe!" Akacheka, akapanda.

Mwezi wa tano akavuna makapi.

Mkataba nikaupata. Utafiti mpya: kwa nini wakulima wameshindwa kutunza mbegu bora. Kaya ya nne kwenye orodha ilikuwa yake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umevishwa kamba ya kitambulisho shingoni kama ng'ombe wa mnadani. Haya, uliza."

Nikasoma. "Ulishindwa kwa sababu gani? Moja, ulichelewa kupanda. Mbili, hukupalilia. Tatu, hukuelewa maelekezo."

"Nilipanda mvua za kwanza. Nimepalilia mara mbili, ya pili tulikuwa wote." Akaichungulia tableti. "Ya nne?"

"Hakuna ya nne. Na haiendi mbele mpaka nichague."

Hakupandisha sauti. "Basi weka ya tatu, baba. Maelekezo nilipewa na wewe."

Nikabonyeza. Ikafunguka kaya ya tano.