Petroli Haikufika Karatu

Mwaka 1980, Josephati, dereva wa zahanati, aliondoka Soitsambu akijua petroli iliyokuwamo garini isingemfikisha hospitali kule Karatu. Gari jingine la zahanati, la dizeli, lisilokunywa sana, lilikuwa safarini, na Nalangu, mjamzito aliyempakia, alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu jana. Jioni, kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, gari lilizimika katikati ya ukungu. Walikaa saa nzima, Nalangu akizidi kunyamaza, ndipo lori likatokea.

"Nina dizeli tu, ndugu yangu," dereva wa lori alisema.

"Hili ni la petroli. Mchukue mama huyu, mimi nitabaki."

Kulipokucha lori lilirudi na dumu la petroli. Josephati aliuliza kama Nalangu amejifungua salama. Dereva alikawia kuteremka.

"Mtoto yu mzima," alisema.