Maziwa kwenye Benchi la Dharura

"Mama, usikaze hivyo, chupa itapasuka," Zoraide alisema.

Dona Idalina alizidi kukaza. Alikuwa akiizungushia chupa ya maziwa taulo la pili, uso kaugeuzia dirishani, kama mtu anayefunga mzigo wenye nyoka ndani. Alipomaliza fundo, akaisukuma chupa kwa ncha za vidole mpaka upande wa bintiye, kisha akaenda kunawa hadi viwikoni kwa sabuni ya kufulia.

Huku Minas, Brazili, nyumba isiyo na jibini ni kama nyumba yenye msiba. Jirani akipita asubuhi hupewa kahawa na mikate midogo ya jibini, moto moto, na asipopewa huondoka akisema kanyimwa. Kwa Dona Idalina watu walikunywa kahawa kavu, na keki ya mahindi iliyokandwa kwa maji matupu. Majirani walishazoea. Msiba ulikuwamo kweli, na jina lake lilikuwa Jucélia.

Jucélia alikuwa dada mkubwa wa Zoraide, na wote wawili walizaliwa na mzio uleule: tone la maziwa likipita mdomoni, koo linavimba na pumzi inakata. Tangu mwaka uliopita Zoraide alikuwa akihudhuria kliniki ya mzio katika hospitali ya umma. Daktari Heloísa alimnywesha maziwa yaleyale, kidogo kidogo, ili mwili uyazoee. Walianza na tone ndani ya bilauri ya maji, wakaja kijiko, sasa walikuwa kwenye nusu kikombe cha kahawa. Kila kipimo kipya kilinywewa hospitalini, nesi Cleuza akiwa pembeni na sindano tayari, kisha mgonjwa anakaa saa mbili bila kuinuka. Kipimo kikimkubali, anaendelea nacho nyumbani kila siku. Akiacha, mwili unasahau, na maziwa yanarudi kuwa sumu. Hospitali haikutoa maziwa. Kila mtu alikuja na yake.

"Utanipigia?" mama aliuliza mlangoni.

"Nitakupigia."

"Usiponipigia nakuja kwa miguu yangu." Kisha akashusha sauti. "Jana nimemsikia tena dada yako. Anakohoa kule uani."

Zoraide alivaa kandambili zake bila kuinua kichwa. Yeye pia alikuwa amesikia. Alijiambia ni pampu ya maji ya jirani.

Barabara ya hospitali ni mlima mtupu, na aliupanda polepole, maana Daktari Heloísa alikuwa amemkataza kuhema karibu na saa ya kunywa. Njiani alimkumbuka Anselmo, msimamizi wa karakana ya suruali za jinzi alikoshona tangu ujana wake. Jana Anselmo alisimama katikati ya cherehani akasema kwa sauti, "Hii ndiyo ruhusa yako ya mwisho, Zoraide. Kwetu mtu akinywa maziwa anapata nguvu, anakuja kazini. Wewe ukinywa maziwa unataka likizo." Wanawake walicheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walicheka kama wachekavyo watu wanaoogopa kuitwa wao kesho.

Mlango wa kliniki ulikuwa na kufuli. Akashuka mapokezi. Dirishani alikuwepo msichana mwenye kucha nyekundu, mpole wa sauti.

"Kliniki ya mzio imesimama, dada."

"Imesimama vipi? Nina miadi leo."

"Mkataba wa Daktari Heloísa umekwisha, hawajamwongezea. Mtapigiwa simu."

"Na dawa yangu je?"

"Dawa gani?"

Zoraide akainua mfuko. "Maziwa."

Msichana akaangalia mfuko, akamwangalia yeye. "Si uyanywe tu nyumbani?"

"Ya leo ni ya kupandisha kipimo. Koo likifunga, nani atanichoma sindano? Mama yangu?"

"Basi baki na kipimo cha zamani."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mpigiwe."

"Nesi Cleuza yuko wapi?"

"Kahamishiwa dharura."

"Basi nikanywee dharura, mbele yake. Saa mbili tu, sisumbui mtu."

"Dharura ni ya wagonjwa. Unaumwa?"

"Bado."

"Sasa kama huumwi, dada yangu, nikupokee kama nani?"

Zoraide alishusha mfuko. Nyuma yake foleni ilianza kuguna, akaondoka dirishani. Angeweza kurudi nyumbani. Angeweza kuwahi kazini, na Anselmo angefurahi. Lakini alijua ruhusa nyingine hatapewa, na nusu kikombe kinamlinda mtu na tone la bahati mbaya tu, hakimlindi na sahani aliyopewa na mtu anayeapa kwamba haina kitu.

Jucélia alipewa sahani kama hiyo. Ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Yohana, moto wa kuni unawaka mbele ya kanisa, na mama mmoja mwenye kilemba akamwapia kwamba uji wake wa mahindi ni wa nazi tupu. Jucélia alikuwa na miaka kumi na saba. Walimleta hapa hapa, mlango huu huu wa dharura, akikohoa. Mtu wa dirishani wa siku hizo akasema kukohoa si dharura, wakae wangoje. Wakakaa. Zoraide, mtoto bado, alishika viatu vya dada yake mapajani. Alikuwa amevishika hata pale kikohozi kilipokoma na mama akaanza kupiga kelele.

Benchi lilikuwa lilelile, refu, la mbao, limepakwa rangi upya. Zoraide akaketi, akafungua mataulo, akatoa kikombe.

"Wee binti," mlinzi aliita. Alikuwa mzee Belmiro, mwenye funguo nyingi kiunoni. "Hapa hatuli wala hatunywi."

"Ni maziwa tu, baba."

"Hata yawe maji ya baraka."

"Ukinitoa nitayanywa pale barabarani. Nikianguka, utakuja kuniokota mwenyewe, na mgongo wako huo."

Belmiro akajishika mgongo bila kujua. Akatazama dirishani, akatazama dari. "Mimi sijaona," akasema, akasogea hatua mbili, akabaki kumtazama.

Zoraide akamimina mpaka pale Daktari Heloísa alipokuwa amemwonyesha kwa kidole mara ya mwisho: hapa, siku ukija tena. Hakuzidisha. Maziwa yalikuwa na ile harufu ya shingo ya mtoto ambayo watu wote huipenda na ambayo kwake ilikuwa harufu ya kaburi. Akanywa.

Kwanza hakukuwa na kitu. Watu walipita na vitambaa vyenye damu, na watoto wenye homa. Kisha ulimi ukaanza kumuwasha, ndipo midomo. Hilo alilizoea. Akahesabu pumzi kama alivyofundishwa. Shingoni yakatoka mabaka, akayahisi kwa vidole, moto moto.

Ndipo akasikia kikohozi. Kilikuwa karibu, pembeni yake kabisa, kikavu, kifupi, kilekile. Zoraide akageuka upande wa benchi alikokuwa amelazwa Jucélia. Hapakuwa na mtu. Kikaja tena, na safari hii kifua chake kikaruka, akaelewa kwamba anayekohoa ni yeye.

"Cleuza!" Belmiro alikuwa tayari anakimbia, funguo zikipiga kelele. "Cleuza, njoo, huyu anaenda!"

Nesi Cleuza alitoka na glovu mkono mmoja. Hakuuliza swali. Alimchoma sindano pajani, juu ya suruali, akamlaza kitandani nyuma ya pazia, akamwekea mpira wa hewa puani. "Mwendawazimu wewe," alimnong'oneza, huku akimfuta jasho. "Mwendawazimu kabisa. Ningekuwa wewe ningefanya hivyohivyo. Pumua."

Akapumua. Koo lililegea polepole, kama mkono unaochoka kukaba. Mikono yake ilicheza kwa nguvu za sindano. Simu ikaita, ilikuwa Anselmo, akaiacha mpaka ikanyamaza. Kisha akampigia mama.

"Nimekunywa, mama."

"Mbona sauti inakwaruza? Uko wapi?"

"Palepale. Kwenye benchi. Lakini sasa niko ndani, mama. Wameniingiza ndani."

Upande wa pili akasikia kilio kidogo, kama cha mtu anayejiziba mdomo kwa mkono.

Pazia likafunguka. Msichana wa dirishani aliingia na kalamu, macho yakikwepa.

"Sasa tunaweza kukupokea, dada. Niandike unaumwa nini?"

"Siumwi. Andika nimekunywa maziwa."

"Huo si ugonjwa."

"Nilikwambia asubuhi. Wewe ukataka niugue kwanza."

Msichana akamtazama Cleuza. Cleuza alikuwa akikunja mpira wa hewa, hakuinua uso.

"Andika hivyohivyo," Zoraide alisema, sauti bado nzito. "Na ukimaliza uwapelekee waliofunga ile kliniki. Nitakaa hapa nikingoja wapate hata aibu ya kusoma."

Kalamu ilisimama hewani kidogo. Kisha msichana akainama, akaanza kuandika.