Mkia wa J

Kipande cha majaribio kilikuwa mraba mdogo usiozidi ukucha wa kidole gumba, na Bi Herufi alikitazama kama mtu aliyekuta unywele ndani ya sahani yake. Kona moja ya mraba ule ilikuwa imechanika. Mtu mwingine asingeiona hata kwa miwani. Yeye aliiona, akasonya, akaubandua kwa ncha ya kibanio na kuutupa kwenye ndoo ya mabaki.

"Umechoka," alikiambia kisu cha plota, mashine yake ya kukatia stika, akakichomoa na kutia kipya.

Kazi ya kukata stika, kwa asiyeijua, ni kubonyeza kitufe na kungoja. Kwa anayeijua, siri yote iko kwenye kina. Kisu kikigusa juu juu, herufi hazibanduki. Kikizama mno, kinakata mpaka karatasi ya mgongoni, na siku nzima imekwenda na maji. Kisu chema hupita kwenye plastiki yote kikaigusa karatasi tu, kikaiachia mkwaruzo usioonekana mpaka uuelekeze kwenye mwanga. Bi Herufi alikata mraba wa pili, akaubandua, akainua karatasi dirishani. Mkwaruzo ulikuwapo, hafifu, umenyooka. Hapo ndipo alipoiruhusu mashine ianze kazi.

Alikuwa mtu wa kinyaa, na mtaa mzima ulilijua hilo. Chembe ya vumbi chini ya stika ilimkosesha raha. Alama ya kidole cha mteja kwenye kioo alichokwisha kukisafisha ilimtia kichefuchefu cha kweli, si cha maneno. Ila maneno yenyewe hayakuwahi kumtia kinyaa. Alikuwa amemkatia "Daktari wa Magonjwa Yote" bwana mmoja ambaye juma lililotangulia alikuwa akiuza viatu vya mitumba. Alikuwa amekata "Asali Halisi" kwa ajili ya mitungi ya sukari iliyochemshwa, akiijua kuwa ni sukari, na herufi zikatoka safi kabisa. "Sisi ni mafundi wa herufi," alizoea kusema. "Maneno ni ya mwenyewe." Kisha alinawa mikono, kwa sababu alikuwa mtu wa kunawa mikono.

Kaka yake aliingia akitanguliwa na manukato. Watu walimwita Nadhifu, na hakuna aliyekumbuka lini walianza. Shati lake lilikuwa jeupe masika na kiangazi. Kabla ya kukaa alitoa leso na kupangusa kiti, ingawa katika duka lile hapakuwa na kiti kilichohitaji kupanguswa.

"Vipi, mdogo wangu? Maji yangu tayari?"

"Herufi ziko karibu. Maji utayaleta wewe."

Nadhifu alicheka. Bomba la mtaa lilikuwa limekauka tangu kiangazi kianze, na yeye, mtu wa kuona fursa pale wengine wanapoona shida, alikuwa amepata gari la tangi. Alikuwa amekwisha kukubaliana na zahanati ya wazazi iliyo mwisho wa barabara. Kilichobaki ni maneno ubavuni: MAJI SAFI YA KUNYWA, ya buluu, na tone moja la maji mwishoni.

"Ulisema lilikuwa la nani hilo gari?" Bi Herufi aliuliza, macho yake yakifuata kisu kinachozunguka tumbo la S.

"La kiwanda cha maziwa. Tangi la maziwa, dada! Unakijua kitu kisafi kuliko hicho?"

"Basi mama naye atapumzika na maji ya chupa."

"Mama mwache," alisema Nadhifu, akinyoosha pindo la mkono wa shati. "Tumbo lake dhaifu. Mama nitaendelea kumletea ya chupa."

Alilisema kwa wepesi, na Bi Herufi aliliacha lipite. Alikuwa akichambua: kung'oa kwa kibanio plastiki isiyotakiwa, matumbo ya A, pembe za Y, mpaka zibaki herufi peke yake juu ya karatasi. Tena, nani angemhoji Nadhifu? Baba yao alipofariki, huyu ndiye aliyeacha shule akabeba mizigo sokoni ili mdogo wake abaki darasani. Bi Herufi alimpenda. Kama angeambiwa ataje mtu mmoja msafi duniani, angemtaja yeye, na asingekuwa anafikiria mashati.

Alibandika tepu ya kuhamishia juu ya herufi, akaisugua, akaikunja kazi na kuitia kwapani, akatoka nje na chupa ya spiriti na mashine ya hewa moto, akiburuta nyuma yake waya mrefu wa umeme.

Gari liliegeshwa mbele ya duka. Kichwa chake kilikuwa buluu mpya inayonuka rangi bado. Tangi lilikuwa jeupe la zamani, limeoshwa tu. Kando ya ukuta wa jirani ndoo zilikuwa zimeanza kujipanga, maana tangi likionekana mtaa wenye kiu, habari haihitaji mpiga mbiu. Dereva alikaa juu ya ubao wa mlangoni akizichezea funguo.

Bi Herufi alimwaga spiriti kwenye kitambaa akaanza kupangusa, juu kwenda chini, kama alivyopangusa mamia ya mabati. Jua la asubuhi lilipiga kwa ubavu. Na pale rangi ilipolowa, kitu kikajitokeza.

Kila mtu wa kazi ile anakijua kitu hicho. Stika ikikaa juani miaka, rangi ya pembeni yake hufifia, ile iliyo chini yake hubaki kama ilivyokuwa siku ya kwanza. Ukiibandua, neno linabaki. Unaweza kusugua mpaka bega likufe ganzi, neno halitoki, kwa sababu si uchafu. Ni mahali ambapo jua halikufika.

Aliona M. Akaona A. Kisha akaona J, akasimama.

Ile J haikuwa na mkia. Ilishuka wima, ikapinda kidogo, ikakatika ghafla. Fundi mwingine angedhani ni kosa. Bi Herufi alijua kuwa si kosa, kwa sababu mkia ule aliukata yeye, miaka iliyopita, kwa mkono wake, ili herufi isiparamie ngazi iliyokuwa imefungwa ubavuni mwa tangi. Sasa ngazi haikuwapo. Ilikuwa imehamishiwa nyuma, na matundu ya skrubu yamezibwa vizuri. Nadhifu alikuwa amekumbuka ngazi. Mkia wa J hakuujua.

Hakuhitaji kupangusa zaidi, lakini alipangusa. I. Nafasi. T. A. K. A.

Aliikumbuka siku ile yote. Mwenye gari alikuwa mnyonya vyoo, mtu mchangamfu asiye na neno, na Bi Herufi alimbandikia maneno yake huku amejifunga kitambaa puani, mbio mbio, kisha akanawa mpaka ngozi ya viganja ikamwasha.

"Kaka dereva," aliita, na sauti yake ilitoka ndogo. "Hili gari lilikuwa la maziwa?"

Dereva alitazama viatu vyake.

"Dada, mimi naendesha tu. Mambo ya mzigo ni ya mwenyewe."

Maneno yale yalimwingia vibaya. Aliyajua. Yalikuwa yake mwenyewe, mdomoni mwa mtu mwingine, na kwa mara ya kwanza aliyasikia yanavyosikika.

Bado alitaka kuwa amekosea. Huenda limeoshwa, alijiambia. Huenda liliingia maziwa baadaye. Ubavuni kulikuwa na mshono wa kuchomelea, na kwenye mshono stika haishiki vizuri mpaka bati lipate joto. Akawasha mashine ya hewa moto, akaielekeza pale, kama ambavyo angefanya siku yoyote.

Uvundo ulikuja taratibu, ukiwa na utamu ndani yake, na utamu huo ndio uliokuwa mbaya zaidi. Ulitoka kwenye mshono, kwenye kutu ya ndani, mahali ambapo sabuni haifiki. Ulimkalia kwenye kaakaa. Alizima mashine, akainama, akatema mate, akatema tena, na mate hayakuisha.

Nadhifu alikuwa bado kitini, mguu juu ya mguu.

"Kaka, lile gari ni la vyoo."

Hakushtuka. Hilo ndilo lililomchoma, kwamba hakushtuka hata kidogo.

"Lilikuwa," alisema. "Limeoshwa. Sabuni, dawa, maji ya moto. Mimi mwenyewe nilisimamia."

"Wewe mwenyewe ulisimamia. Ndiyo maana mama anakunywa ya chupa?"

Nadhifu alikunja leso yake mara mbili, pembe kwa pembe.

"Watu wa mtaa huu wanachota mtaroni, dada. Haya yangu ni afadhali."

"Zahanati kuna watoto hawajafikisha hata wiki."

"Watachemsha."

Bi Herufi alimtazama. Alitazama kola isiyo na doa, kucha zilizokatwa sawasawa, mikunjo ya suruali. Kinyaa kilimpanda, na hakikuwa cha tangi. Tangi lilikuwa tangi tu. Alijichukia kidogo kwa sababu hata sasa manukato yale yalimkumbusha asubuhi za shule, yule kijana aliyerudi kutoka sokoni na jasho lakini akaoga kwanza kabla ya kumpa mdogo wake mkate.

"Usinitazame hivyo," alisema Nadhifu, na sasa sauti yake ilikuwa laini. "Nimekulea kwa mikono hii. Damu nzito kuliko maji, mdogo wangu."

"Yale si maji, kaka."

"Sawa. Usipobandika wewe atabandika mwingine. Kesho tu. Tena vibaya, na mapovu."

Hilo lilikuwa kweli, na wote wawili walijua. Nje, mtu alitua ndoo nyingine.

"Nitabandika," alisema Bi Herufi.

Nadhifu alitabasamu, akatoa simu, akageukia ukuta na kuanza kumhakikishia muuguzi mkuu kwamba gari liko njiani, mama yangu, ondoa shaka. Bi Herufi alikaa kwenye kompyuta. Hakuwahi kufuta kazi hata moja tangu afungue duka. Aliitafuta ile ya mnyonya vyoo, akaipata: mkia wa J umekatwa, vipimo vile vile. Aliondoa plastiki ya buluu kwenye plota akatia nyeusi. Alikata mraba wa majaribio, akaubandua, akainua karatasi dirishani. Hata leo, hasa leo, hakuwa tayari kukata ovyo. Mkwaruzo ulikuwa mwembamba na mzima. Akabonyeza.

"Tone la maji hilo?" Nadhifu aliuliza, mkono juu ya simu.

"Karibu namaliza."

Alichambua haraka bila kuchana hata pembe moja. Akatoka. Aliweka karatasi juu ya tangi, akaisogeza kidogo kulia mpaka kigutu cha J kikalala juu ya kigutu chake cha zamani. Akasugua toka katikati kwenda pembeni, akatoa hewa yote. Kisha akaanza kuvuta tepu kwa pembe, polepole, ikijikunja juu yake yenyewe, na herufi zikabaki zimekaa moja moja, nyeusi ti juu ya nyeupe.

Mama mmoja mwenye mtandio wa kijani, aliyekuwa amekuja kuisogeza ndoo yake mbele, alisoma kwa sauti kama anayefundisha.

"Ma-ji... ta-ka." Akasogea karibu. "Eti nini?"

"Umesoma vizuri, mama," alisema Bi Herufi.

Nadhifu alitoka mbio, simu bado mkononi. Alisoma. Uso wake ulifanya jambo ambalo mdogo wake hakuwahi kuliona, ukawa wa mzee. Kisha akacheka kwa nguvu, akawageukia wenye ndoo.

"Utani wa dada yangu huo! Utani tu, jamani. Gari la maziwa hili."

Akaingiza ukucha chini ya T, akakwangua. Akakwangua tena. Ukucha ulivunjika. Mtaa mzima ulijua kwamba stika ya Bi Herufi haibanduliwi kwa ukucha, na mtu mmoja huko nyuma alicheka puani. Nadhifu alitazama huku na huku, akaiona mashine ya hewa moto chini, kwenye waya wake, akaiokota.

"Kaka," alisema Bi Herufi. Ilimtoka ile sauti aliyokuwa akimwitia gizani akiwa mtoto. "Usiwashe hiyo. Tafadhali."

Nadhifu alimtazama kana kwamba anamtambua kwa shida. Akawasha.

Mwanzo ilinuka plastiki peke yake. Dereva aliinuka kwenye ubao wa mlangoni bila kuambiwa, akasogea kando, akavuka barabara. Halafu bati likapata moto. Mama wa mtandio wa kijani aliinua upindo wa mtandio wake puani, na kwa mkono wa pili, bila kuondoa macho kwenye lile shati jeupe, akapapasa chini mpaka akaushika mpini wa ndoo yake.

Nadhifu hakugeuka. Aliendelea kuchoma, jasho likimlowesha mgongo, akipumua kwa mdomo, mpaka kona ya T ikalegea na kunyanyuka. Akaivuta kwa vidole viwili. Chini yake T nyingine, ile ya zamani, nyeupe, ilibaki pale pale.